Mahali Pasipotoka Jasho

Kalima, 6 Oktoba 1974

Kwako Yaya Adolphine, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia wewe kwanza, kisha Shangazi Euphrasie, kisha mlango wa nyumba yetu unaolia kila ukifunguliwa. Mimi mzima. Chakula cha shule ni sombe, majani yale yale ya muhogo, tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ni sombe na wali, lakini sikuja huku kwa ajili ya tumbo.

Barua hii ina kazi. Mwaka huu wa pili wa uuguzi tumepewa mwalimu mzee, Citoyen Abedi (si Monsieur tena, ndivyo serikali inavyotaka tuitane), aliyetibu watu misituni kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza alitazama madaftari yetu ya Kifaransa, akayafunga. Akasema: “Mutaenda kutibu mama zenu, na mama zenu hawakusoma hii. Kila mumoja achague muntu wa kwao, amufundishe kwa barua, kwa Kiswahili. Majibu yake mutaniletea nisome. Kama yeye hakuelewa, njo kusema wewe hukuelewa.”

Nimekuchagua wewe. Usicheke. Tangu Mama afe umeshika vichwa vya watu wa Kindu ukiwasuka, miaka kumi na miwili, na kwa vidole hivyo umenilea mpaka nikafika hapa. Ngozi na nywele unazijua kuliko darasa letu zima. Ila ujue kwamba Citoyen Abedi atasoma kila neno utakaloandika. Tafadhali usitaje habari za utoto wangu.

Sasa somo. Mwili umejengwa kwa tishu. Tishu ni chembe nyingi za namna moja zilizoshikana ili zifanye kazi moja. Ziko za kufunika, za kushikanisha, za misuli, na za mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kwenye ubongo. Ngozi ina tabaka tatu. Ya juu ni nyembamba, na upande wake wa nje umekwisha kufa: ndiyo ile unayoikwangua kwa jiwe ukioga. Chini yake kuna ngozi yenyewe, nene, na humo ndimo mna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mizizi ya nywele, na tezi za jasho na za mafuta. Chini kabisa kuna tabaka ya mafuta, ambayo Shangazi anayo ya kutosha. Hapo usimsomee.

Niandikie umeelewa nini.

Mdogo wako,
Okito (Jacques hapa shuleni haliandikwi tena tangu majina ya Kizungu yakatazwe, naliweka kwa ajili yako tu)


Kindu, 27 Oktoba 1974

Jacques, mutoto wa mama yangu,

Barua yako imefika na Matata, dereva wa lori la muzee Nzanzu. Alingojea bac ya kuvuka muto siku mbili kule Alunguli, karatasi ikapata harufu ya samaki. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilielewa, mara ya tatu nilimusomea Shangazi yote, na pale ulipokataza pia. Anasema ukirudi atakukalia, uhesabu tabaka vizuri.

Citoyen Abedi, kama unasoma: huyu mutoto alikojoa kitandani mpaka miaka saba. Mumufundishe hivyo hivyo tu, atafaa.

Kazi iko. Tangu serikali ikataze perruque, zile nywele za kununua, wanawake wote wamerudi chini ya mukono wangu, hata wale wa maofisi waliokuwa wananipita kama hawanioni. Wanataka uzi mweusi, nywele zisimame juu kama matawi. Wanakaa kwenye mukeka, wanaweka kichwa kwenye magoti yangu, na habari zote za Kindu, kuanzia gare ya treni mpaka bandarini, zinaingia masikioni mwangu bila mimi kunyanyuka.

Umesema niulize. Nauliza. Nikimuchana muntu, unywele mwingine unatoka na kitu cheupe kidogo kwenye ncha. Shangazi anasema ni yai la chawa. Mimi nasema hapana, chawa nawajua. Ni nini?

Na lile jina jipya la kwenye karatasi, likae huko kwenye karatasi. Mimi ni

Yaya wako Adolphine


Kalima, 17 Novemba 1974

Yaya,

Umeniua. Citoyen Abedi alisoma barua yako mbele ya darasa zima, akacheka mpaka akavua miwani. Sasa naitwa Miaka Saba. Hata mpishi ananiita hivyo.

Lakini swali lako amelisifu. Kile cheupe si yai la chawa. Ni shina la unywele, limevimba kama kitunguu kidogo. Pale tu ndipo unywele unapoishi. Huo mrefu unaousuka umekwisha kufa, ndiyo maana ukikatwa hauumi. Kila unywele unakaa ndani ya kifuko chake. Pembeni yake kuna tezi ya mafuta, na kamsuli kadogo kanakousimamisha ukisikia baridi. Na tazama hili lilivyonifurahisha: kila kifuko kimezungukwa na mshipa mwembamba wa fahamu. Gusa ncha tu ya malaika, kale kanywele laini ka mkononi, usiiguse ngozi, utasikia.

Citoyen Abedi ametupa mchezo wa kufanya nyumbani. Funga macho. Shangazi achukue kipande cha pamba, akisokote kiwe na ncha nyembamba, akuguse hapa na pale polepole, nawe uonyeshe kwa kidole ni wapi. Utashangaa jinsi ngozi inavyojua. Fanyeni, kisha uniandikie.

Miaka Saba wako,
Okito


Kindu, 8 Desemba 1974

Jacques,

Muchezo wako wa pamba tumeufanya. Nilifunga macho, Shangazi akanigusa shavu, shingo, mukono wa kushoto, mukono wa kuume. Nilionyesha vizuri karibu pote. Mahali pamoja Shangazi akasema, “Wewe muongo, unajidai husikii kusudi unichokoze!” Akacheka sana, basi na mimi nikacheka.

Sasa nina swali, na si langu. Kuna mama mumoja, muteja wangu, muntu wa heshima, jina lake sitalitaja kwa sababu mwalimu wako anasoma. Kwenye mukono wake wa kuume, chini ya kiwiko, kuna doa. Rangi imefifia kidogo tu, ukubwa wake kama kifuniko cha kopo la maziwa. Haliwashi, haliumi. Malaika hazioti pale. Tena akilima kwenye jua mukono muzima unalowa, lakini pale hapatoki jasho, panabaki pakavu. Nilimuambia niko na mudogo anayejua tabaka zote tatu. Ni kitu gani?

Unamukumbuka Mama Germaine aliyenifundisha kusuka, yule wa nyuma ya depo? Juzi nimemuwaza. Walipomupeleka kambi ya wenye bukoma, majirani walichoma mukeka wake na kitana chake, na wote aliowasuka wakanyolewa. Na mimi nilinyolewa, nilikuwa na miaka kumi. Sijui kwa nini hayo yamenirudia. Labda jua.

Maandishi yangu usiyashangae. Kidole changu kidogo cha kuume kimekuwa kivivu, kinaangusha uzi. Nimesuka sana mwezi huu.

Adolphine


Kalima, 22 Desemba 1974

Yaya mpenzi,

Mwaka huu, kwa amri ya serikali, Noeli ni siku ya kazi kama siku nyingine, kwa hiyo nitakuwa wodini nikipima joto la watu. Ule wali wenu mnikumbuke nao.

Citoyen Abedi yuko Punia akichanja watu, na kwa njia zile za matope hatarudi kabla ya Machi. Barua yako hakuiona. Nimejibu mwenyewe, na nadhani nimejibu vizuri.

Mwambie yule mama asihangaike. Ni kovu la kale. Labda aliungua utotoni, amesahau. Kovu ni tishu ya kushikanisha tu: haina vifuko vya nywele, haina tezi za jasho, na hata rangi inapungua. Apake mawese, atulie.

Na rangi yenyewe inatoka wapi? Chini kabisa ya ile tabaka ya juu kuna chembe zinazotengeneza rangi, kama wapaka rangi waliojipanga mstari. Zikifanya kazi sana, mtu ni mweusi. Zikilegea mahali, panatokea doa. Wapo wanawake siku hizi wanaojipaka pomada za kuziua chembe hizo ili ngozi nzima iwe nyekundu sawasawa. Wanaziuza kwa kujificha, eti hata bandarini Kindu zipo. Ni upumbavu mtupu. Ngozi inabaki bila ulinzi.

Kidole chako kipumzishe. Kikande kwa maji ya moto.

Mtihani wa ngozi nimepata kumi na nane juu ya ishirini. Sehemu yako ni tisa.

Okito


Kindu, 9 Februari 1975

Okito, mutoto wa kaka yangu,

Mimi shangazi yako Euphrasie. Macho yangu mabaya, utasoma polepole. Sikuandikii mambo ya kucheka leo.

Yaya yako anajing'arisha. Ndiyo, umesoma vizuri. Alianza mwezi wa kwanza. Nilifikiri ni jua, kisha nikaona kopo chini ya kitanda chake. Kwanza mikono, kisha shingo, sasa uso. Amekuwa na rangi ya ndizi iliyochemshwa. Adolphine! Yeye aliyewacheka wale wa perruque!

Jana Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tunafagia mufereji wa njia ya soko, watu wote wa mutaa wako pale. Mukuu wa mutaa akamuita mbele, akamusimamisha na jembe mukononi, akasema tazameni citoyenne anayekataa ngozi aliyozaliwa nayo. Watoto wakaimba. Mimi nilikuwa pale, Okito, nikatazama chini. Nilifikiri atasema kitu, wewe unajua mudomo wake. Alisimama tu, anatazama muto, mpaka walipochoka.

Jioni nilimuuliza: ni mwanaume? Anataka kumupendeza nani? Akasema, “Shangazi, niache.” Hivyo tu.

Muandikie. Wewe atakusikia.

Euphrasie


Kalima, 23 Februari 1975

Citoyenne Adolphine,

Nimepata habari zako. Nilitamani zisiwe za kweli, lakini Shangazi hasemi uongo.

Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba pomada hizo ni upumbavu. Ukasoma, ukaelewa, halafu ukaenda ukanunua! Mimi hapa ndiye ninayeongoza animasiyo ya darasa, zile nyimbo za chama, kila asubuhi naimba kwamba ngozi yetu ni fahari yetu, na nyumbani kwangu mwenyewe dada yangu anasimamishwa mbele ya watoto kama mwizi wa kuku. Nitawatazamaje watu usoni?

Sikujua kwamba unaichukia sura ya Mama. Maana hiyo ndiyo unayoifuta.

Usiniandikie mpaka umelitupa kopo hilo.

Okito


Kindu, 16 Machi 1975

Citoyen Okito,

Barua yako nimesoma. Kopo nimelitupa katika Lualaba, Shangazi ameona kwa macho yake.

Sura ya Mama sikuichukia.

Jambo moja tu, kwa ajili ya daftari lako, kwa sababu ulisema kila swali linakusaidia. Yule mama muteja wangu, wiki iliyopita alitoa sufuria ya sombe kwenye moto bila kitambaa. Aliona malengelenge kwenye kidole kabla ya kusikia moto. Halafu akangoja asikie. Mpaka leo hajasikia.

Usijisumbue kujibu. Una mitihani.

Adolphine


Kalima, 30 Machi 1975

Yaya yangu, Yaya Adolphine,

Leo ni Pasaka na nimeanza barua hii mara nne. Nivumilie.

Citoyen Abedi amerudi Alhamisi. Akataka barua zetu zote, nami nikampelekea zako kwa majivuno, pamoja na ile alama yangu ya kumi na nane. Alizisoma kwa mpangilio wake, moja baada ya nyingine, akazitandaza mezani. Safari hii hakucheka. Akaniuliza: “Okito, huyu mama muteja, anasukwa na nani?” Sikuelewa. Akasema tena: “Umemufundisha dada yako ngozi miezi sita. Kwa barua mbili amekuonyesha mukono wake, na wewe ukamuimbia animasiyo.”

Ndipo nikaona. Pamba. Malaika. Jasho. Kidole kivivu. Mama Germaine. Kila kitu kilikuwa pale, kwa maandishi yako, nami nikakwambia upake mawese.

Yule mama ni wewe.

Tena nimeelewa habari ya pomada. Hukutaka kuwa mwekundu. Ulitaka mkono mzima ufanane na doa, kusudi doa lisionekane. Na aliyekuandikia kwamba kuna dawa ya kusawazisha rangi ni mimi, kwa mkono huu huu. Kisha nikakutukana kwa jina la Mama. Sijui nitaombaje msamaha, lakini naomba. Mimi ni mpumbavu mwenye kumi na nane juu ya ishirini.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza muuguzi, sahau kwamba uliniosha. Citoyen Abedi anadhani ni ukoma, na amekaa na wagonjwa wa ukoma miaka ishirini. Ni lazima wakupime ndipo tujue kwa hakika. Ukoma si laana wala uchawi, na haukai kwenye kitana wala kwenye mkeka. Ni mdudu mdogo asiyeonekana, anayependa mishipa ya fahamu. Mshipa ukifa, ngozi pale inaacha kusikia, vifuko vya nywele vinalala, tezi za jasho zinakauka. Vipo vidonge. Utavimeza nyumbani kwako, kila siku, pengine kwa miaka, na kila mwezi utachukua vingine kwenye dispansari. Siku hizi mtu wa doa moja hapelekwi kambini. Akianza dawa hamwambukizi mtu. Watu hawalijui hilo, ndiyo maana bado wanachoma mikeka.

Kidole kidogo sitakudanganya. Kilichokwisha kufa huenda kisirudi. Lakini vile tisa vinavyosikia tunaweza kuvilinda tukianza sasa, siyo baada ya masika. Ulikuwa unaniuliza hilo tangu Desemba: kama utaendelea kusuka. Nakujibu leo: ndiyo, ukinifungulia mlango.

Nakuja Jumamosi na lori la Matata. Nina barua ya Citoyen Abedi mfukoni. Usipofungua nitakaa nje kwenye ngazi. Mlango ule unalia, nitasikia.

Jacques


Kindu, 24 Agosti 1975

Jacques wangu,

Unasema nimekaa kimya sana tangu urudi Kalima. Kweli. Nilikuwa nangoja niwe na kitu cha kukuandikia zaidi ya vidonge. Vidonge nameza. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze, sijaruka hata siku moja. Muuguzi wa dispansari anakusalimu, anauliza kama umeacha kulia. Nilikuambia mimi njo mugonjwa, wewe ukalia mpaka wakakuletea maji ya kunywa! Umeniaibisha kuliko salongo.

Na hiyo salongo ngoja nikuambie, maana ulipokuwa hapa hukuthubutu kuuliza. Watoto walipokuwa wanaimba, mimi ndani nilikuwa nashukuru. Nilisema, wanasema mwanamke wa pomada, hawasemi lile neno lingine. Waimbe. Ningesimama pale mpaka jioni. Barua yako tu njo iliniumiza, lakini hiyo tumekwisha kuimaliza, usiifufue.

Habari mbaya kwanza. Ngozi yangu nyeusi imerudi, pole pole, kwanza uso, kisha mikono. Nilivyokuwa nazidi kuwa mweusi, doa lilizidi kuonekana. Halijakua, muuguzi amelipima na kipimo, liko vile vile. Kidole kidogo hakijaamka. Nilivaa mikono mirefu mwezi wa Mei wote katika joto hili, mpaka siku moja nikasema basi, nitajificha mpaka lini, na Shangazi anakula sahani moja na mimi hajui anakula na nani? Nilimuambia. Ulitaka tumuambie pamoja, nikakukataza, kisha nikamuambia peke yangu, nikiwa napepeta muchele.

Aliuliza tu: “Siku ile ya pamba, hukuwa unanichokoza?” Nikasema hapana. Akaingia chumbani. Kesho yake akapanda treni kwenda kwa binti yake Kibombo, hata sabuni yake akaisahau. Alikaa kule miezi miwili na nusu.

Habari zikatoka, sijui kwa mudomo wa nani, simutafuti. Nikakunja mikono ya nguo yangu, maana sikuwa tena na kitu cha kuficha. Nikatandika mukeka mbele ya nyumba kila asubuhi kama zamani, nikakaa kwenye kiti changu na kitana na uzi. Wanawake walipita kwenda soko. Wengine walinisalimia kutoka mbali, wengine wakakumbuka kitu upande wa pili wa njia. Yule mwenye kuja kila wiki mbili alimutuma mutoto kusema amesafiri, na mimi nilimuona kanisani Jumapili, nywele timu timu, hana wa kumusuka. Nilikaa hivyo mwezi wa sita wote, na wa saba. Nilikuwa najisuka mwenyewe, nafumua, najisuka tena, kusudi vidole visisahau. Usiku sikulala vizuri, sitakudanganya. Kuna siku nilisema afadhali kambi, kule angalau wananisubiri.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita treni ilifika asubuhi, safari hii si ya kuchelewa. Niko nimekaa, mukeka mutupu mbele yangu. Namuona Shangazi anakuja kutoka gare, sanduku mukononi, na kichwani mukeka mupya wa Kibombo, umekunjwa. Ilikuwa saa ya soko, njia imejaa. Akafika. Hakusalimia. Akachukua mukeka wangu wa kale akausukuma kando, akatandika ule mupya, akavua kilemba. Nywele zake! Hazikuguswa na muntu tangu aondoke. Akakaa chini kwa nguvu, akaweka kichwa chake kwenye magoti yangu mbele ya watu wote.

“Suka,” akasema.

Nikamuambia, “Shangazi, kidole kimoja hakisikii.”

“Vingine vingapi?”

“Tisa.”

“Mimi niko na kichwa kimoja tu. Suka.”

Nikaanza. Uzi ukaanguka mara mbili, akauokota yeye mwenyewe bila kugeuka, akanipitishia juu ya bega. Watu walisimama. Nikasikia mumoja anamuuliza kama haogopi. Shangazi akajibu kwa sauti yake ile ya kuita kuku: “Mimi nilimugusa na pamba nikamucheka. Mama Germaine nilimuchomea mukeka kwa mikono yangu miwili. Zamu hii nimekuja kusukwa. Wewe kama umekuja kutazama, sogea, unanifunikia jua.”

Hilo la Mama Germaine sikulijua. Na wewe hukulijua. Nilisimamisha mikono. Naye akatulia kabisa, hakuinua kichwa, akangoja. Kichwa chake kilikuwa kizito, Jacques, na nilisikia uzito wote. Nikaendelea kusuka.

Nilimumaliza saa sita. Amependeza, ameinuka anajitazama kwenye kioo, anasema upande mumoja umepinda. Ni kweli umepinda. Amekataa niurudie.

Sasa natafuta Matata, lori lisije likaondoka bila barua hii. Musalimie Citoyen Abedi, umuambie somo nimelielewa. Na ukija, niletee uzi mweusi, bobini sita ama nane. Wa hapa umekwisha tangu jana, na kuna wawili wamekaa kwenye mukeka wanangoja.

Yaya wako,
Adolphine